Walimu wanasemaje kuhusu vishikwambi na wanafunzi wenye ulemavu wa akili?

Katika mabaraza ya wadi na mikutano ya wazazi shuleni kuna swali linalorudi mara kwa mara: serikali ilileta vishikwambi shuleni, mbona mtoto wangu mwenye ulemavu wa akili hajawahi kushika hata kimoja? Huliuliza mama anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza kwenda kuchuma chai huko Belgut, na huliuliza baba mwenye vichaka vyake mwenyewe karibu na Litein. Ng'ambo ya mpaka, Konoin na Sotik, majirani zetu wa Kaunti ya Bomet wanauliza vivyo hivyo. Swali ni la haki. Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kueleza mambo jinsi walimu wanavyoyaona, maana kifaa kinaweza kununuliwa Nairobi, lakini anayeamua kitoke kabatini saa ngapi na kiwekwe mbele ya nani ni mwalimu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, ingawa maneno haya mawili huchanganywa hata na watu waliosoma. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na wengi hupata nafuu wakitibiwa. Ulemavu wa akili huanza utotoni. Mtoto huchelewa kujifunza, kukumbuka na kutatua jambo jipya, na pia huchelewa katika mambo ya kila siku kama vile kuvaa, kuhesabu pesa au kutambua hatari ya gari barabarani. Chanzo chaweza kuwa hali ya Down, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Hauambukizi, wala si laana ya ukoo. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mtoto huyu anajifunza. Anajifunza kwa hatua ndogo ndogo na kwa kurudia mara nyingi kuliko wenzake. Shika neno hilo, kurudia, kwa sababu ndipo teknolojia inapoingia.

Vifaa vilifikaje shuleni

Mwaka wa 2016 serikali ya kitaifa ilianza kusambaza vifaa vya Mpango wa Elimu ya Kidijitali. Kabla ya hapo zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma zilikuwa zimeunganishwa na stima, nyingine kwa sola. Vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa nchini. Viliundwa kupitia Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na washirika wao wa kigeni. Shule ilipokea vishikwambi vya wanafunzi wa madarasa ya chini, vipakatalishi viwili vya walimu na projekta.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo hutatiza wakazi wengi. Elimu ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo kishikwambi cha Gredi ya 3 hakikununuliwa na serikali ya kaunti, na mwalimu anayekitumia ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Darasa la PP1 na PP2 ndilo letu. Tutalirudia mwishoni, kwa kuwa huko ndiko mkazi ana sauti ya moja kwa moja.

Haki yenyewe haina ubishi. Ibara ya 54 ya Katiba inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake, na kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kutoka Ibara ya 54 hadi dawati la nyuma ni safari ndefu kidogo, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita mikononi mwa mwalimu.

Kabati lenye kufuli

Ukiketi na walimu wakati wa chai ya saa nne, hoja ya kwanza utakayosikia haihusu mtoto. Inahusu sahihi. Vishikwambi vilipofika, mwalimu mkuu alivitilia sahihi kimoja kimoja. Kikivunjika, anayeandika maelezo ni yeye. Kikiibwa usiku, anayekwenda polisi ni yeye. Kwa hiyo kuna kabati, kuna kufuli, kuna mlango wa chuma, na katika shule nyingine kuna mlinzi aliyeajiriwa kwa sababu ya vifaa hivyo tu. Kitu kinacholindwa namna hiyo hakitolewi ovyo. Kikitolewa, hupewa mtoto anayeaminika hatakiangusha, na mtoto mwenye ulemavu wa akili huwa wa mwisho katika orodha ya wanaoaminika.

Nadhani hii ndiyo sababu ya kweli kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa mtoto hajapewa nafasi hata ya kuangusha kitu. Lakini tusimlaumu mwalimu mkuu peke yake. Kama Bodi ya Usimamizi ingeandika katika kumbukumbu za mkutano wake kwamba kifaa kilichovunjika katikati ya somo ni gharama ya kawaida, kama chaki iliyokatika, hofu nyingi ingepungua. Bodi ina wawakilishi wa wazazi. Hili ni jambo la kujadiliwa kwa nusu saa, na halihitaji mfadhili.

Hoja ya pili ni ya usawa darasani. Darasa lina watoto hamsini na kitu, vishikwambi vyenye chaji ni vinane, somo ni la nusu saa. Nani apewe? Mwalimu huona akimpa mtoto anayekwenda polepole, wengine saba watasubiri na hamsini watapiga kelele. Anampa anayemaliza haraka ili zamu izunguke. Kwa hesabu ya mwalimu ni uamuzi wa busara. Kwa mtoto aliye nyuma ni uamuzi uleule kila siku, mwaka mzima.

Mwaka wa 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alichapisha kazi kuhusu kwa nini watu hukubali au hukataa kutumia tarakilishi kazini. Alionyesha kwamba mtu hujiuliza maswali mawili: kitu hiki kitanifaa katika kazi yangu? Na je, ni rahisi kukitumia? Kazi hiyo imetajwa na watafiti wengi sana tangu wakati huo, wakiwemo wanaochunguza walimu. Mwalimu wa darasa jumuishi huyajibu maswali hayo mawili, kisha huwa na la tatu ambalo karani wa ofisi hana: kitawafaa wote waliomo humu, au nitamsaidia mmoja na kuwapoteza hamsini? Anayetaka mwalimu abadilike bila kumjibu swali hilo la tatu anapoteza wakati.

Kuhusu urahisi, malalamiko yanafanana kila mahali. Walimu husema mafunzo waliyopewa yalihusu kuwasha, kuzima na kufungua masomo. Hayakuhusu jinsi ya kufundisha mtoto asiyeweza kufuata maagizo matatu kwa mpigo. Walimu waliosomea elimu maalum, wengi wao katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi, wanajua kufundisha mtoto huyo lakini mara nyingi wako katika vitengo maalum, mbali na vishikwambi vya Gredi ya 1 hadi ya 3. Mwenye ujuzi hana kifaa, na mwenye kifaa hana ujuzi. Wakati mwingine wametenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mashine inayosema haraka

Kuna hoja nyingine ambayo haisikiki sana kwenye mikutano lakini walimu wa maeneo ya chai wanaijua vizuri: lugha. Sera ya elimu inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kijijini Kipkelion hiyo ni Kipsigis. Katika shule za mashamba makubwa ya chai, ambako wafanyakazi wametoka Kisii, Nyanza na Magharibi, lugha inayowaunganisha watoto ni Kiswahili. Kishikwambi chenyewe husema Kiingereza zaidi, kwa sauti ya mtu asiyejulikana, na kwa kasi. Mtoto asiye na ulemavu hubahatisha, akakosea, akajaribu tena. Mtoto mwenye ulemavu wa akili, aliyetumia mwaka mzima kujifunza kwamba kitu fulani huitwa «ng'ombe», sasa anaambiwa na mashine kwamba kinaitwa vingine. Haachi kujaribu kwa sababu ni mvivu. Mambo mawili yamegeuka kwa pamoja, naye anahitaji jambo moja kwa wakati mmoja.

Tulionja shida hii wakati wa janga la korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Masomo yaliletwa kwa redio na televisheni, na ilikuwa kazi kubwa ya kusifiwa. Lakini redio haina kitufe cha kurudia. Mtoto aliyehitaji kusikia sentensi mara kumi aliisikia mara moja, na mwalimu wa redio akaendelea na nyingine.

Simu ya kawaida ya mwalimu inaweza kurudi nyuma. Ndiyo maana baadhi ya walimu wabunifu wameviacha vishikwambi kabatini na kutumia simu zao wenyewe. Mwalimu hurekodi sauti yake akitaja vitu kumi kwa lugha ambayo mtoto anaijua, hupiga picha ya vitu vyenyewe, kikombe cha mtoto, mlango wa darasa lake, choo cha shule, na mtoto husikiliza na kutazama mara nyingi atakavyo. Sauti anaifahamu, vitu anavifahamu, na bando halihitajiki. Walimu wa aina hii ndio wanaosema teknolojia inafaa. Ukiwauliza ilianzaje, mara nyingi hawataji mafunzo. Watakutajia mtoto fulani.

Naomba nieleze kisa changu mwenyewe. Nina mpwa wa miaka kumi na mitano ambaye ana ulemavu wa akili. Niliamua kumfundisha kupika chai kwa picha za simu, kazi ikiwa imevunjwa vipande vipande, kama wanavyofanya walimu wa elimu maalum. Nilipiga picha saba: sufuria juu ya jiko, kijiko cha majani, maziwa, sukari, chai ikichemka, chujio, kikombe. Nikakaa kando. Akaweka sufuria kavu juu ya moto, akatia majani chai, na jiko zima likajaa moshi wa majani yanayoungua. Nilitaka kusema hajaelewa. Kisha nikatazama simu. Nilikuwa nimesahau picha ya maji! Alikuwa amefanya kila nilichomwonyesha, kwa mpangilio niliomwonyesha.

Picha sasa ni kumi na moja. Moja inaonyesha maji yamefika wapi ndani ya sufuria, na nyingine inaonyesha mtu mzima amesimama karibu, kwa sababu ya moto. Baada ya wiki kadhaa aliacha kutazama simu, isipokuwa kwenye sukari. Ukionja chai yake utajua kwa nini picha ya sukari bado inahitajika.

Tangu siku hiyo nawaelewa zaidi walimu wanaosema kwamba kifaa kimewafundisha wao kabla ya kumfundisha mtoto. Unapolazimika kuiweka kazi ndani ya picha, unagundua hatua ulizokuwa ukiziruka ukifundisha kwa mdomo. Kuandika jina lako, kuvaa viatu, kubadilisha noti ya shilingi mia dukani, kila moja ina «picha ya maji» ambayo mwalimu hakujua ameiacha. Njia hii ya kuonyesha kazi hatua kwa hatua kwa picha au video imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika nchi nyingi, na ni kati ya zile zenye msingi mzuri zaidi kwa wanafunzi hawa. Tena simu haichoki wala haigunii mtoto anaporudia mara ya ishirini. Mwalimu mwenye watoto hamsini huchoka, na si kosa lake.

Kifaa si yaya

Katika maeneo yetu neno «mashine» lina historia yake. Mtu wa mashamba ya chai akisikia mashine imekuja, huwaza mashine za kuchuma majani na vibarua waliobaki bila kazi. Si ajabu basi kwamba mzazi akiambiwa mtoto wake amewekwa kwenye kishikwambi, huuliza: kwa hiyo mwalimu ameondolewa? Wako wanaoona mashine imeletwa ili mtu asishughulike na mtoto wao.

Kusema kweli, wakati mwingine wana haki. Walimu wenyewe hukiri kuna siku kishikwambi hutolewa ili mtoto anyamaze. Anakaa kona, anabofya, rangi zinawaka, na somo la wengine linaendelea bila yeye. Ukipita dirishani utaona darasa jumuishi lenye teknolojia. Ukiingia ndani utakuta mtoto aliyetengwa kwa njia mpya. Dalili ni rahisi kutambua. Muulize mwalimu mtoto alikuwa akijifunza nini kwenye kifaa wiki hii. Akitaja jambo moja, kwa mfano kutofautisha shilingi kumi na ishirini, kifaa kinafanya kazi. Akisema «anakipenda sana», omba mzungumze zaidi.

Kuna walimu wanaopinga vifaa hivi kabisa, na hoja zao si za kudharauliwa. Mtoto hung'ang'ania kifaa na kulia kikichukuliwa, na kipindi kinachofuata huharibika. Sauti na mwanga huwasumbua baadhi ya watoto. Wengine hugusa kila kitu na kutoka kwenye somo. Haya yana dawa ndogo ndogo. Simu na vishikwambi vingi vya Android vina mpangilio wa kubana programu moja kwenye skrini ili mtoto asitoke, na mpangilio wa TalkBack unaosoma maneno ya skrini kwa sauti. Saa ya mchanga, au hata picha ya «imekwisha», humwandaa mtoto kabla kifaa hakijachukuliwa. Zipo pia mbao za picha za mawasiliano kama Cboard, za bure, ambazo mtoto asiyesema hugusa picha na kifaa hutamka neno. Na shule isiyo na kifaa chochote inaweza kuchora picha hizohizo kwenye karatasi ngumu. Nimeona mwalimu akitumia boksi la majani chai. Ilifaa vilevile.

Tahadhari nyingine inatoka nje ya nchi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka wa 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisema ushahidi mzuri na usioegemea upande wowote ni haba, na kwamba sehemu kubwa hutolewa na wale wanaouza vifaa vyenyewe. Ilitaja kwamba huko Uingereza ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimefanya majaribio ya kulinganisha makundi yaliyochaguliwa bila mpango. Kwa hiyo mwalimu anayeuliza «nani amethibitisha?» kabla shule haijatoa pesa kununua programu mpya si mpinga maendeleo.

Na kuhusu picha za watoto: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Mwalimu anayempiga mtoto video ili kumfundisha akuombe ruhusa kwanza, na video hiyo haina kazi katika kundi la WhatsApp la kijiji. Mzazi unaweza kukubali matumizi ya darasani na kukataa mengine yote.

Mzazi aanzie wapi

Ukishuku mtoto wako anachelewa, usisubiri afike Gredi ya 4. Nchini kuna vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Ainamoi, Bureti au Soin/Sigowet, itakuelekeza kwa afisa anayehusika. Nenda na mtoto mwenyewe, kadi yake ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na daftari lake la shule kama analo. Ripoti ya tathmini hueleza mtoto anaweza nini, asomee wapi na anahitaji vifaa gani. Omba nakala, kisha mpe mwalimu wa darasa mkononi. Ripoti nyingi hukaa kwenye faili ya mwalimu mkuu, na mwalimu anayekaa na mtoto saa sita kwa siku hajaisoma.

Fahamu pia kwamba mtaala wa umilisi, CBC, una njia mbili. Mtoto anayeweza kufuata masomo ya wenzake kwa marekebisho huendelea na gredi kama wao. Asiyeweza hufuata viwango badala ya gredi: cha msingi, cha kati, cha matayarisho ya ufundi na cha ufundi. Tangu 2022 Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, lina tathmini ya wanafunzi wa kiwango cha kati iitwayo KILEA, hivyo mtoto wako hapaswi kulinganishwa na mwenzake wa Gredi ya 6 kwa karatasi isiyomhusu. Swali la kumuuliza mwalimu ni hili: mtoto yuko njia ipi, na kifaa kinatumika kumsogeza hatua gani katika njia hiyo? Kwa kifaa cha mtoto mwenyewe, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo hutoa vifaa vya usaidizi, inasimamiwa huko.

Shuleni, peleka hoja ya kabati kwa mwakilishi wenu katika Bodi ya Usimamizi. Omba mambo mawili yaandikwe: kwamba uharibifu wa kawaida hautozwi mwalimu, na kwamba mwalimu wa kitengo maalum anaweza kuazima vifaa kwa ratiba. Pale ambapo shule ina kitengo na madarasa ya kawaida katika uwanja mmoja, ratiba hiyo ndiyo humweka mwenye ujuzi karibu na mwenye kifaa.

Kwa chekechea mambo yako mikononi mwetu kama kaunti. Kila mwaka serikali ya kaunti hutayarisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, nao hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo wakazi hualikwa kutoa maoni katika wadi. Katika vikao hivyo watu huzungumza sana kuhusu barabara, maji na bei ya chai, nayo ni mambo ya maana. Mzazi wa mtoto wa PP1 mwenye ulemavu wa akili akisimama na kutaja kituo chake kwa jina, idadi ya watoto wanaohitaji msaada na kitu kimoja anachoomba, iwe ni mafunzo ya siku mbili kwa walimu wa chekechea wa wadi hiyo au simu moja yenye sauti nzuri, ombi lake huandikwa katika kumbukumbu pamoja na barabara. Ombi la jumla la «tusaidiwe watoto wetu» huandikwa pia, lakini afisa wa mipango hana pa kuliweka. Wachumaji chai wasioweza kuacha zamu wanaweza kuandika maoni kwenye karatasi na kuyafikisha kwa msimamizi wa wadi siku yoyote ya kazi kabla ya kikao. Andika jina la kituo na la wadi juu ya karatasi.